Siku Nilipomgeuza Beberu wa Wajerumani

Kabla ya habari ya beberu, sharti niseme ukweli kuhusu mimi na jirani yangu, mtu asije akadhani nilikuwa mgeni katika ufundi wa kutukana kwa kitambaa.

Jirani yangu ni Mzanzibari. Miaka ile alikuwa na duka la kanga, udi na mafuta ya nazi katika ghorofa ya kwanza ya jengo moja la Mayfair, hapa Johannesburg, na mimi mashine yangu ya kutarizi ilikuwa katika chumba kinachotazamana na duka lake. Tuligombana mwezi wa kwanza tu. Sababu siikumbuki vizuri, nadhani ilikuwa ndoo ya kudekia. Hatukupigiana kelele, sisi ni watu wa pwani. Asubuhi iliyofuata alikuja kazini amejifunga kanga iliyoandikwa "Mtasema mchana, usiku mtalala," akapita mlangoni kwangu mara nne bila shughuli yoyote. Kesho yake nami nikavaa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Vita ikaanza hapo. Taabu yangu ilikuwa moja: kanga zote kali zilikuwa dukani kwake. Silaha za kumpigia nilikuwa nikizinunua kwake mwenyewe, naye ananikunjia vizuri na kuniambia, "Hii itakupendeza, shoga."

Zaidi ya maneno hayo ya biashara, hatukuwa tukisemeshana.

Chumba nilichangia na fundi cherehani wa Lubumbashi, Mkristo mtulivu aliyeshona sare za kwaya za Wakongo wenzake. Yeye aliitazama vita yetu kama mtu anavyotazama mvua ikiwa yuko ndani. "Mama," aliniambia siku moja, "ninyi watu wa pwani munapiganaka na nguo. Sisi tunapiganaka na mdomo. Ya kwetu inaisha mbiyo." Nikamjibu kwamba kinachoisha upesi hakina utamu.

Sasa, beberu.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2017, ile baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo. Bibi mmoja wa Kijerumani alipanda ngazi zetu polepole, kofia ya sufu kichwani, kifurushi cha magazeti kifuani. Mtu fulani alimwambia kwamba kuna mama wa Tanzania anayetarizi kwa mkono na kwa mashine, na haharibu. Nilimpa kiti, nikamwita Bibi, akafurahi. Akafungua magazeti. Ndani mlikuwa na bendera ya hariri nzito, au niseme kilichobaki baada ya nondo kushiba. Katikati palikuwa na ngao, na ngao hiyo, alinieleza, ni nembo ya mji alikozaliwa, mji mdogo huko Ujerumani wenye mto upande mmoja na milima upande mwingine. Kila mji kule una nembo yake, hata mji wenye duka moja la mkate.

Kwenye ngao ulionekana mnara mweupe wenye mlango mweusi. Kushoto mwa mnara, mawimbi ya buluu, ndio mto. Na mbele ya mnara zilibaki kwato nne, pembe moja ya njano, na kipande cha mkia.

"Mnyama gani huyu?" nikauliza.

"Mbuzi dume," akasema.

Nikacheka. Akaniuliza kinachonichekesha, nikamwambia tu kwamba nimekumbuka shule. Na ilikuwa kweli. Tanga, darasa la sita, mwalimu wa historia akipiga ubao kwa fimbo na kutuambia jinsi Mjerumani beberu alivyoingia pwani yetu. Miaka yote hiyo mwalimu alikuwa akisema kweli tupu, na mimi nilidhani ni tamathali.

Bibi akatoa picha ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa wakati bendera ingali nzima. Beberu alionekana vizuri: amesimama, kichwa kimeelekea mnara, mgongo ameupa mto, mkia juu. Alitaka bendera mpya iwe vilevile, kila uzi. Nikamuuliza maana ya beberu ni nini, kwa sababu mimi sitarizi kitu nisichokijua. Bibi akautazama ushungi wangu, akaona haya, mashavu yakawa mekundu. "Ni hadithi ya zamani," akasema. "Ya mbuzi na mto. Mbuzi wetu alikuwa jasiri." Kisha akaanza kunieleza habari za mumewe.

Mumewe alikuwa ameanguka, akavunjika nyonga, akapasuliwa. Jumamosi angetoka hospitali. Ngazi hawezi tena, kwa hiyo kitanda kimetandikwa katika chumba cha kulia, mahali palepale kiti chake kilipokuwa. Bendera hiyo ilitundikwa mbele ya kiti hicho tangu walipooana, na mzee alikula chakula chake chote cha ndoa huku anaitazama. "Daktari anasema mfupa utaunga," aliniambia. "Anachohofia ni ari yake. Akikata tamaa, akaacha kula na kuacha kutembea, hatutakuwa naye muda mrefu. Nataka arudi akute nyumba ni ileile. Akikuta ukuta mtupu, ataona kila kitu kimekwisha." Alisema hivyo huku anakunja glavu zake na kuzikunjua. Nilimpenda palepale, na niliapa moyoni kwamba nitampa bendera ambayo hata mjini kwao hawajaiona.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwenye mapenzi. Nisingempenda, ningefanya nilivyoagizwa.

Siku mbili kabla ya Jumamosi nilikwenda kwao kupima ukuta, nyumba yenye bustani huku kaskazini kabla ya kufika Sandton. Nilikiona kitanda kimeshatandikwa upande wa kushoto wa ukuta ule. Nikaangalia picha, nikaangalia kitanda, nikaangalia picha tena. Beberu angempa mgonjwa makalio. Mzee wa watu anatoka kupasuliwa, anafumbua macho, anakutana na mkia.

Kwetu Tanga mtu akikaa mbele yako kwenye mkeka wa shughuli hugeuka kwanza akakuomba radhi kwa kukupa mgongo. Na hapo ni mgongo tu, wa binadamu, tena umevishwa buibui. Mama yangu alinifunza kutoka chumbani mwa mgonjwa kinyumenyume hatua mbili tatu ndipo nigeuke. Sasa mimi, niliyelelewa na mama huyo, nitarizi mkia wa mbuzi na kuuelekeza kwenye uso wa mzee mgonjwa? Nikajiambia kwamba aliyechora nembo ile hakujua kitanda kitawekwa wapi. Bibi mwenyewe haya zimemzuia kuniomba. Nitamfanyia wema bila kuombwa, ndio wema wenyewe.

Basi nikamgeuza. Beberu akatazama kushoto, uso kwa mto, uso kwa kitanda. Nikampa macho ya upole na ndevu za kuchana.

Fundi aliacha cherehani yake akaja kusimama nyuma yangu. "Mama, picha inaonyesha hivi, wewe unatia vile. Juu ya nini?"

"Juu ya adabu," nikamwambia.

"Kazi ya mutu ni ya mutu. Ufanye vile alileta."

Nikamwambia arudi kwenye sare zake.

Jumamosi alasiri fundi alinipeleka kwa gari lake, ambalo kila likisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, lilikuwa likifikiria kama liendelee na safari. Bibi alitufungulia mlango, akanikumbatia, akakimbilia jikoni kutengeneza kahawa. Mzee alikuwa amelala, mwembamba, mikono juu ya blanketi. Tukaitundika bendera kimyakimya. Ilipendeza, wallahi. Hariri ya kijani iling'aa, mnara ulisimama wima, na beberu wangu alimtazama mgonjwa kwa heshima zote. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasubiri sifa.

Mzee akafumbua macho. Akaitazama bendera. Alitazama muda mrefu sana, na uso wake ukawa unashuka kidogo kidogo. Mkewe akaingia na sinia. Mzee akamwambia kwa Kiingereza, nadhani ili sisi wageni tuwe mashahidi:

"Daktari amekuambia nini ambacho hakuniambia mimi?"

"Hakuna," akasema Bibi. "Amesema utapona."

"Beberu ananitazama usoni," akasema mzee. "Maisha yetu yote umenipa mkia. Leo unanipa uso. Nimebakiwa na siku ngapi?"

Bibi aligeuka akaiona bendera. Alianza kusema kwa Kijerumani, haraka haraka, na mzee akatikisa kichwa, akageukia upande wa dirisha. Sikuelewa lolote isipokuwa kwamba nimefanya jambo baya sana katika nyumba ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na buibui langu. Kahawa hatukuinywa. Garini fundi aliimba nyimbo za kwaya mpaka Mayfair, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hicho kilikuwa kipigo.

Jumatatu asubuhi Bibi alikuja chumbani kwetu kazini, bendera ameikunja kwapani. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema mumewe hali chakula, hataki kusimama, mtu wa mazoezi amekuja na kurudishwa. Kila akimwambia atapona, mzee anaonyesha ukuta kwa kidole. Alimwambia kwamba ni mimi mtarizi niliyekosea, mzee akajibu kwamba wake wema husingizia mafundi. "Mimi ndiye mwenye kosa," Bibi akasema. "Niliona haya kukuelezea. Nilidhani mama mwenye ushungi atachukia."

"Nieleze sasa," nikamwambia. "Usifiche kitu."

Akaanza. Ng'ambo ya mto kuna mji mwingine, na zamani watu wa mji huo ndio waliokuwa na kivuko. Siku ya gulio walikubali kuvusha jibini ya akina Bibi, walikubali kuvusha ngozi, lakini mbuzi wenyewe wakawakataa, wakisema wananuka. Basi watu wa upande wa akina Bibi wakawaswaga mbuzi majini. Beberu mkubwa akatangulia, akaogelea, akatokea ng'ambo mbele ya meya aliyevaa nguo zake za sikukuu. Akajikung'uta, meya akalowa. Kisha akapanda ngazi za ofisi ya meya, akageuka, akainua mkia, akajisaidia pale juu, bila haraka. Alipomaliza akarudi majini, akaogelea kwao. Mji ulipopewa ruhusa ya kuwa na nembo, watu hawakutaka simba wala tai. Walimtaka yule. Na kwa kuwa mto umechorwa kushoto, na ng'ambo ya mto ndiko kwa wale wengine, beberu akawekwa mkia kushoto. "Wanyama wa nembo nyingine zote hutazama kushoto," Bibi akasema. "Wetu peke yake amegeuka. Wageni hudhani mchoraji alikosea."

"Na mzee?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Mume wangu ni wa ng'ambo," akasema. "Siku ya harusi yetu nilimtundikia bendera ile, nikamwekea kiti upande wa kushoto. Hakuna siku aliyokula bila mkia ule mbele yake. Ndivyo tulivyo sisi wawili." Hapo akalia, kidogo, akajifuta kwa glavu.

Mimi nilikaa pale na aibu ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mkosaji wa kawaida. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: mimi, niliyekuwa nimefunga kiunoni dakika ile ile kanga yenye "Hasidi hana sababu" kwa ajili ya mtu aliye hatua nne kutoka kwangu, nilipewa matusi mkononi, yamechorwa waziwazi, nikayaona kuwa ni ukosefu wa adabu.

Mlangoni ufagio ulikuwa umesimama. Jirani yangu alikuwa akifagia kizingiti changu tangu Bibi alipoanza kusimulia, na kizingiti changu hakijawahi kumhusu. Sasa aliacha kujificha. Akaingia, akaweka ufagio ukutani, akasema nami neno lisilo la biashara kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Shoga we, hiyo si nembo. Hiyo kanga."

"Naona," nikasema.

"Waona sasa. Kanga ya watu umeichukua, ukaigeuza ikawa kadi ya pole." Akainama juu ya picha. "Tena hata jina haina. Kanga bila jina? Yataka maneno hapo chini."

Nilimfasiria Bibi, naye akauliza maneno gani. Jirani akafumba macho, kama afanyavyo anapotafuta la kunikata maini. Halafu akasema, "Ng'ambo yenu, mkia wetu." Nilimfasiria tena Bibi. Alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni.

Tulifanya kazi sisi watatu kuanzia hapo mpaka alasiri, umeme kwa bahati haukukatika. Hariri ukiifumua inabaki na matundu, kwa hiyo nilimkata beberu mpole kwa wembe, nikamtupa, nikatarizi mwingine kwenye kipande kipya na kumshonea juu ya pengo. Huyu nilimtarizi kwa moyo wote. Mkia niliunyanyua kuliko ulivyo kwenye picha. Jirani alichagua nyuzi na kunisema kila mshono. Fundi alishona pindo, akasema tu, "Vile alileta," nikamwambia nimesikia. Maneno ya jirani niliyaweka chini ya ngao, kwa uzi mweusi, herufi kubwa.

Jioni hiyo tulimkuta mzee kwake amegeukia dirishani, supu imepoa kwenye kimeza. Fundi akaitundika. Bibi akasema jambo moja fupi kwa Kijerumani, mzee akageuza shingo kwa uvivu. Akamwona. Kisha akaomba miwani.

"Maneno hayo ni ya lugha gani?"

"Kiswahili," nikasema. "Maana yake, ng'ambo ni yenu, mkia ni wetu."

Kifua chake kikaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi, nikamwita Bibi, kumbe mzee alikuwa anacheka. Alipopata pumzi aliniita karibu, akanionya nisiamini hadithi ya mkewe. Beberu yule, alisema, alikuwa wa kwao, ng'ambo. Watu wa upande wa kina mkewe walimwiba. Kilichotokea siku ile ni kwamba mnyama alirudi nyumbani, akakuta mlango umefungwa, na mnyama akingoja mlangoni muda mrefu hufanya lile afanyalo kila mnyama. Bibi akadakia kwamba huo ni uongo wa ng'ambo. Mzee akasema kuna kitabu. Bibi akasema kitabu hicho kimeandikwa na mtu wa ng'ambo, tena kinasema beberu alitoka kwenye ngao ya ukoo wa mwenye ardhi, kwa hiyo kinawakana wote wawili. Wakaendelea hivyo, sasa kwa Kijerumani, na katikati ya ubishi mzee akanyoosha mkono akachukua kijiko. Alimaliza supu ile ikiwa baridi.

Alitembea kwa fremu miezi miwili baadaye. Alipita chini ya mkia ule kwenda na kurudi misimu miwili ya baridi mizima, na Bibi aliniambia kila asubuhi alimsalimu beberu kwa neno ambalo alikataa kunifasiria. Nilimwambia akiwa tayari atanieleza, ushungi wangu umeshasikia mengi.

Mimi na jirani hatukupatana. Siku iliyofuata kazi ile alikuja na kanga iliyosema "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akapita mlangoni kwangu mara sita.

Mwaka 2019 presha ilimwangusha dukani kwake, kati ya marobota. Fundi na mimi ndio tuliomshusha ngazi. Alilazwa, na siku tatu hatukuruhusiwa kumwona. Siku ya nne wakasema tunaweza kuingia mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani kubadilisha nguo, nikafungua sanduku langu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kanga ambayo sijawahi kuivaa mbele yake, ya maua meupe, "Mola akupe afya." Niliogopa sana siku hizo. Sikuwa na ndugu mwingine katika jiji lile, na yule hakuwa hata ndugu. Nilikuwa nimeshajifunga nikafika mlangoni, ndipo nikamkumbuka beberu mpole niliyemkata kwa wembe.

Nikarudi ndani, nikaifungua, nikafunga nyingine.

Alikuwa amelala chali, mpira wa dawa mkononi, uso umesinyaa. Sikumsalimu. Nilipita mbele ya kitanda chake mpaka dirishani, nikarudi, nikapita tena. Macho yake yakanifuata. Akasoma kanga yangu herufi kwa herufi, kwa taabu, kwa kuwa hakuwa na miwani: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Akavuta pumzi ndefu, akaulegeza mkono uliokuwa umeshika shuka.

"Basi sifi," akasema.